Nati Ishirini

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha kompresa,
habari imeshanifikia: goti la Desmarais limevimba tena.
La kushoto. Lile lililopasuliwa mwezi wa tatu.
Kocha anasema, "Tutaangalia siku hadi siku,"
na sisi wa Calder Falls tunaijua kauli hiyo,
ni ya daktari anayevua miwani kabla ya kusema.

Sasa nani atachezesha?
Yule mtoto wa mwaka wa kwanza ana kimo cha nguzo ya umeme,
lakini mpira ukimshuka chini ya kiuno
anauinamia kama mtu aliyedondosha sarafu.

Jumamosi tulifungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na moja.
Nilikuwepo. Safu ya kumi na nne, chini ya bomba linalovuja.
Bi Opaline Hruska, aliyenifundisha hesabu darasa la sita,
aliacha kujumlisha robo ya tatu, akatoa sweta akafuma.
Asiyekubali kushindwa si mshindani. Najua.
Mimi si mshindani, ni shabiki.
Mshindani huoga, akala, akalala;
shabiki hurudi nyumbani na jasho lisilo lake.

Halafu saa tatu, msumari juu ya kidonda:
Tavian Boykin anahama.
Mrusha mpira wetu. Mkono uliotuvusha yadi sitini na mbili
siku ile ya theluji, lile yai la ngozi likizunguka angani
bila kuyumba, na sisi wote tumeacha kupumua.
Anakwenda kusini, kwenye uwanja wa watu elfu tisini
na pesa za kununua mpaka kivuli chake.
Kufikia saa nne mwokaji alishabandua picha yake dirishani.
Kinyozi Merle Quade aliapa, wembe mkononi.
Mimi nilimtukana mbele ya jeki.
Jeki haikunijibu.

Saa saba mchana likaingia gari la kijivu,
matairi yamekwisha, upara mtupu.
Akashuka yeye.

Bila helmeti ana masikio ya mtoto.
"Mama kasema nisithubutu kupita milimani na haya," akasema.
Nikamuuliza saizi gani, swali la kijinga,
saizi imeandikwa ubavuni.

Akasimama kando ya hita, mikono mifukoni.
Ukutani, juu ya ratiba ya msimu, alikuwa yeye pia,
mkono nyuma, anakaribia kurusha.
Akajitazama. Akatazama sakafu, mafuta yangu ya miaka ishirini.
Nilivua gurudumu la kwanza, nikavua la pili.
Maneno yote niliyoyapanga tangu asubuhi
yalikuwa yamenikaa mdomoni kama nati za akiba.

Ndipo akauliza, taratibu:
"Umesikia lolote kuhusu goti la Desmarais?"

"Siku hadi siku," nikasema.

Akafumba macho kidogo.
Aliijua kauli ile.

Sikutumia mashine. Nilichukua spana ya msalaba,
nikazikaza kwa kurukaruka, ya juu, ya chini, ya pembeni,
kama baba alivyonionyesha nikiwa sijafikia boneti,
nati tano kila gurudumu, zote ishirini,
kisha nikazirudia kuanzia mwanzo.
Bei sikumpunguzia hata senti. Pesa anazo sasa.

Nilipomrudishia ufunguo, ulimi ukasema wenyewe
maneno ninayomwambia kila mteja:
"Ukishatembea maili hamsini, rudi nizikaze tena."

Tukatazamana.

"Au mtu yeyote," nikasema, "mtu yeyote mwenye spana."

Akatoka kwa mwendo mdogo, akawasha taa ya kukunjia kulia
ingawa barabara ilikuwa tupu kabisa.
Nikaongeza sauti ya redio.
Desmarais hachezi Jumatano.